Mzani wa Kisongo

Kisongo asubuhi, umande bado mbawani.
Mama Ndekirwa kalaza mkungu wa ndizi juu ya mzani:
kilo kumi na sita.
Tiketi yake inaruhusu kumi na tano.

"Dodoma ni mbali?"
Kilomita mia tatu na ushei, namwambia.
Kwa basi ungepita Babati, Kondoa, mchana kutwa.
Kwa hii ndogo, saa moja tu.

Akanyamaza, akaipima kwa vipimo vyake:
saa moja, maharage hayajaiva,
saa moja, mchungaji hajafika kwenye matangazo.

"Kumbe yuko karibu hivyo," akasema,
"na miaka tisa hajaja."

Mzani haukuwa na namba ya hilo.
Nikaomba kisu, nikakata chana moja.
Mshale ukarudi.

Pangaboi likanguruma. Meru ikabaki dirishani kwake
kidogo,
kisha haikubaki.

Saa tatu kasoro, namba nisiyoijua.
Sauti nzito ya mwanamume, nyuma yake
mtu anacheka, au analia, sikubaini:

"Mama anasema
ile chana uifunike kwa majani makavu.
Usiile mbichi."