Pampu Ngapi Zinawaka?

Stashinari yangu iko Buza, jirani na mashine ya kukoboa.
Kompyuta mbili; moja haielewani na herufi M.
Humu nimewaingiza vyuoni watu wasiopungua mia:
uhasibu, ualimu, uuguzi, ufugaji wa nyuki,
na sijui hata mmoja wao leo anakula nini.
Nachapa, nabonyeza, napokea elfu mbili.
Anayefuata.

Leo anayefuata ni mdogo wangu.

Asnath amekuja na bahasha iliyokunjwa mara nne
na simu ya mama, maana ujumbe uliingia huko:
vyuo viwili vimemtaka, vyote vya serikali,
uhandisi ujenzi huku na huku,
athibitishe kimoja kabla ya saa sita usiku.
Sasa ni saa tatu na robo. Bando limebaki kiduchu.

Mlimani: unakwenda, unarudi, unalala kitandani kwako,
na baba akilitaja jina hilo kanisani, shingo zinageuka.
Ada juu yetu. Mkopo, tukijaliwa,
asilimia anayeijua ni Mungu na Bodi.
Mbeya: baridi, na basi la kutwa nzima,
lakini wamemwandikia barua. Ufadhili wa ufaulu:
ada, kitanda, chakula, vitabu,
mradi wastani usishuke chini ya tatu nukta nane.
Ukishuka, ahsante, kwaheri.

Mama anataka Mlimani.
Anasema mtoto wa kike na baridi hawajuani.
Baba, fundi marumaru, alipiga hesabu nyuma ya boksi,
miaka minne, zidisha, jumlisha,
kisha akalichana boksi akawashia jiko.
Mjomba Elinihaki kapiga simu kutoka Same:
"Chenyewe ni cha ngapi Afrika?"

Asnath hakuuliza cha ngapi.
Alitafuta namba ya mwanafunzi wa mwaka wa pili, asiyemjua,
akamuuliza: maabara yenu ya maji ina pampu ngapi,
na ngapi zinawaka?
Nne. Zinawaka tatu.
Akaandika kwenye kiganja.
Kule kwingine aliyempigia alicheka:
"Dada, wewe mwanafunzi au mkaguzi?"

Ukuta wetu wa sebuleni una mistari ya mkaa.
Mgeni hudhani tulikuwa tunapimana urefu.
Hapana, tulikuwa tunapimwa.
Huu, masika nilipokuwa kidato cha pili.
Huu, vuli ya msiba wa bibi, jeneza likasubiri juu ya meza.
Huu wa juu, karibu na swichi, mwaka juzi.
Alianza kuchora ana miaka tisa,
maji yakiwa bado hayajatoka ndani.
Walipomtaka aeleze kwa maneno mia tatu
kwa nini anastahili kufadhiliwa,
aliandika sitini, akaambatanisha picha ya ukuta.

Mimi pia niliwahi kupata barua.
Haikuwa na ufadhili, ilikuwa na tarehe.
Tarehe ilipita nikimgundia mtu bahasha.

"Na ukifeli?" nikamuuliza. "Tatu nukta nane si mchezo."
"Nikifeli, nitakuwa nimefeli nimeshiba."
"Mama je?"
"Mama atanuna hadi Pasaka."
"Na mvua zikija, haupo?"
Hapo akanyamaza. Akaitazama feni
kana kwamba nayo ilikuwa na deni la kujibu.
"Utachora wewe," akasema.
"Mkaa uko juu ya kabati, kwenye kopo la Blue Band.
Usiandike mwezi tu. Andika na saa,
maji yalipoingia, na saa yalipotoka."

Tukaijaza namba ya uthibitisho, herufi kwa herufi.
Katikati kulikuwa na M.
Niliibonyeza mara nne ndipo ikakubali,
na katika ile ya tatu, sitaficha,
nilitamani isikubali.

Saa nne kasoro dakika saba.
Nikamchapia nakala mbili.
Nikamtoza elfu mbili, kama wengine.
Akalipa yote,
akasimama palepale mlangoni
akadai risiti.