Daftari la Vito

Kabla kadhi hajaingia nilizihesabu kofia.
Tisa vichwani, moja gotini kwa mzee aliyezidiwa na joto.
Ya karani naijua: pembeni mwa ua la tatu
nilijidunga, nikaosha damu kwa maji ya chumvi,
likabaki doa la rangi ya chai.
Na ya Athmani, mume wangu, tuseme bado mume,
niliishona nikiwa ndani ya arubaini ya Mwanatumu,
mtoto kwapani, sindano mkononi.

Anasema nyumba ya Langoni ni yake.
Ana hati. Hati ina jina moja, nalo refu:
Athmani Lali Bwanaheri.
Mimi nina daftari la kurasa tisini na sita,
nyuma yake jedwali la kuzidisha.

*Kofia ya vito, miezi minne, kwa dalali wa Mombasa: mawe ya msingi.
Kofia mbili: boriti, na ujira wa punda.
Kofia moja, nimepunjwa: misumari.
Ramadhani, kofia tano, macho yauma: paa.
Siku tatu sikushona. Mama amefariki.*

Kadhi akasoma ukurasa, akafunua mwingine,
akavua miwani.
"Una shahidi?"

Nikamkumbuka bibi mzaa mama, Mwana Khuzaima,
aliyepewa nyumba na babake siku ya kuolewa
ili mume aje kwake;
ndivyo walivyokuwa, binti hatoki kwao,
mwanamume ndiye abebaye mkeka.
Kisha akapita mpimaji wa serikali, kamba na kalamu,
akauliza mlangoni: mwenye nyumba nani?
Bibi alikuwa ndani. Babu alikuwa barazani.
Kalamu ikaandika kilichokuwa barazani.

Haukuwa wizi. Babu hata hakuomba.
Alitaja jina lake kama mtu anayejibu salamu.

Na mahari ya bibi, ile nusu iliyosemwa itabaki,
ilibaki.
Ilibaki alipozaa, ilibaki meno yalipomtoka,
ilibaki tulipomkafini.
Pale makaburini waliuliza: nani anamdai marehemu?
Hakuna aliyeuliza
marehemu anamdai nani.

Yangu nayo: kabati, godoro,
na elfu ishirini, baadaye.
Baadaye ni mtaa gani?
Nimeishi Lamu miaka arubaini na mmoja,
kila kichochoro nakijua kwa harufu ya jiko lake,
huko sijafika.

Juzi redioni wakili mmoja, sauti ya mtoto wa jana,
alisema sheria ya sasa huhesabu hata kupika, hata kulea.
Nikapunguza moto nimsikie.
Wali ukashika chini vilevile.

"Una shahidi?" kadhi akarudia, kwa upole; si mtu mbaya.

Ninao, Sheikh, nikasema, ila hawasemi.
Wamewakalia vichwani.

Ukapita ukimya wa mtu kuvuta uzi mrefu.
Mzee aliigeuza kofia yake gotini, akaitazama kwa ndani,
kule kwenye mafundo, anakojulikana mshonaji.
Karani alipeleka mkono kichwani, akaurudisha kwenye kalamu.
Athmani peke yake hakugusa yake.
Alitazama sakafu, na mimi nikaona, baada ya miaka kumi na tisa,
kwamba ilikuwa imembana kidogo,
kwamba pengine ilimbana tangu siku ya kwanza
na hakuniambia.
Hilo sikuliandika. Halina bei.

Shauri limeahirishwa hadi tarehe kumi na saba.

*Nauli: hakuna, nimetembea.
Nakala za karatasi: shilingi sitini.
Kofia mpya, ua la kwanza.
Bado haina kichwa.*