Balansi

Saa kumi na mbili na nusu, uwanja wa shule
bado umejifunika ukungu hadi kidevuni.
Ambakisye amekuja na Corolla ya mjomba aliyemlea;
herufi L nyekundu imefungwa kwa kamba ya katani,
mlango wa abiria haufunguki kwa nje.
"Mugonile, Sista."
Nimeamka, mwanangu.
Nampa elfu kumi na tano ya saa moja,
anaihesabu mara mbili, kama vile mimi ni mtu wa kupunja.

Klachi, breki, mafuta.
Vyuma vitatu, miguu miwili.
Magoti yaliyosimama kando ya vitanda miaka thelathini na mmoja
leo yanaulizana nani aanze.
"Kanyaga klachi yote. Weka namba moja. Achia taratibu."
Naachia.
Gari linaruka kama mbuzi aliyekanyaga siafu,
linakohoa, linazimika.
Watoto wa zamu wameegemea mifagio, wanacheka.
Chekeni.
Nusu yenu niliwapokea mimi, mkiwa uchi,
na hakuna aliyetoka kwa namba moja akanyoosha.

Wiki ya pili tukatoka barabarani,
tukaiacha Kiwira nyuma, tukaukuta mlima.
Katikati ya mlima akasema, "Simama hapa." Makusudi.
"Vuta breki ya mkono. Sasa uondoke bila kurudi nyuma."
Nyuma yetu lori la makaa ya mawe, pua yake kwenye kioo changu.
Mara ya kwanza likazimika.
Mara ya pili likazimika.
Mara ya tatu likarudi shibiri moja
nikamwita Mungu kwa Kinyakyusa, kwa jina lake la nyumbani.
Lori likapiga honi.
"Achana naye, Sista. Mwenye haraka angetoka jana.
Balansi tu. Inua mguu kidogo. Kidogo tena,
mpaka ulisikie linatetemeka.
Likitetemeka usiachie, usikanyage.
Ngoja nalo hapo hapo."

Nikamgeukia.
Kijana, hayo maneno umeyatoa wapi?
Hayo ni yangu.
Nimeyasema usiku mwingi kuliko mvi zangu,
tochi nimeiuma kwa meno, mikono ina kazi:
usisukume bado, mama, ngoja nalo hapo hapo.
Niliyasema Aprili ile ya mvua isiyopumua,
mtoto ametanguliza miguu,
na dereva wa zahanati yuko msibani Masoko.
Gari lilikuwepo.
Ndilo linaloniamsha mpaka leo: gari lilikuwepo,
limeegeshwa mlangoni, tangi lina mafuta,
ufunguo unaning'inia kwenye msumari juu ya kalenda,
na sisi wanawake wanne, na walinzi wawili,
tukiutazama ule ufunguo kama maandishi ya Kiarabu.
Wakamfunga kwenye machela ya mianzi, wakaingia gizani.
Mtoto alipona.

Mtoto ana ndevu sasa. Ananiambia, "Sista, macho mbele."

Nikainua mguu. Unywele mmoja. Unywele wa pili.
Corolla likaanza kutetemeka kwenye sakafu,
mtetemo ukapanda nyayo, ukapanda paja,
ukafika mahali ninapopajua.
Honi ikanyamaza, au masikio yangu yaliifunga nje.
"Haya, mama," nikalinong'oneza gari. "Sasa."
Likapanda.
Likapanda, jamani, likinguruma kama lina madeni,
likaipita migomba, likaipita mikaratusi,
namba mbili ikaingia bila kukwaruza,
mpaka Isongole kwa wauza viazi, upepo unachoma masikio.

Ambakisye akapiga dashibodi kofi la furaha.
"Kesho rivasi!"
Kisha akanusa.
"Sista. Kuna kitu kinaungua."
Tukatazama chini kwa pamoja:
breki ya mkono, juu vilevile nilivyoivuta.
Mlima mzima.
Akacheka mpaka akafuta macho kwa mkono wa shati,
na kucheka kwake kuna pengo la jino la juu
ambalo nimewahi kuliona kwa mtu mmoja tu.
Sikusema kitu.
Nikaishusha breki.