Subira Hajui Kusubiri

Kabula ndiye aliyempa jina,
siku aliyopanda nalo kutoka Igogo,
kitoto cha mbwa ndani ya sweta ya shule:
"Bibi, huyu ni Subira."
Wiki saba tangu azaliwe.
Tumbo kama ndimu, masikio bado hayajaamua yasimame au yalale,
na meno, jamani meno,
sindano za cherehani zina huruma.

Siku ya kwanza aliikojolea suruali ya Mwalimu Nkwabi
iliyobakiza pindo tu.
Ya pili akautafuna mkanda wa cherehani.
Ya tatu nikakemea,
kwa sauti ileile niliyolelea wanangu watatu:
"Subiri!"
Akaja mbio, mkia ukimyumbisha,
akakaa juu ya mguu wangu, akaniangalia.
Si ameitwa?

Subiri! Subira. Subiri!
Kadiri nilivyomzuia ndivyo alivyofika.

Basi tukahamia Kisukuma.
*Igasha*, akae.
*Nzugu*, aje.
*Lindila*, neno refu, la kumpa muda wa kufikiri.
Maneno ya mama yangu, yaliyolala mdomoni mwangu
kama pini ninazobana kwa midomo nikipima nguo.
Wanangu sikuwapa.
Nilitaka wasichekwe darasani.

Dagaa mmoja namvunja mara tatu:
kichwa, kiwiliwili, mkia.
Makalio yakigusa sakafu, kichwa kinatoka hapohapo,
maana ukichelewa kidogo tu
atadhani umemlipa kwa kujikuna.

Akining'ata nalia "wii!" kama ndugu zake,
nampa mgongo, nahesabu hadi kumi.
Mama Ng'washi alinisikia kupitia ukuta,
akaja na ufito mkononi:
"Samaki mkunje angali mbichi, shoga."
Nikautazama ule ufito.
Nimeuza samaki Kirumba miaka sita kabla ya cherehani,
nimekunja sato wengi kuwaingiza kwenye ndoo.
Unamkunja kwa viganja.
Methali haikutaja fimbo.
Sikumwambia hivyo. Nilimwambia karibu chai,
na nikawa najiangalia mikono,
hii iliyowahi kumfukuza Mabula kuzunguka jiwe lile pale nje
kwa sababu ya kikombe.

Saa tisa usiku ananikwaruza shuka.
Namkumbatia haraka, nje, hadi ubavuni mwa jiwe,
palepale pa jana, ili harufu imkumbushe.
Taa za Bugando zinawaka zote, kule hakuna anayelala.
Upepo wa ziwa unaingia hadi ndani ya kanga.
Yeye ananusa jani. Ananusa jani jingine.
Anasikiliza chura.
Anasahau kilichomleta.
*Lindila*, najiambia, na meno yanagongana.
Kisha anachuchumaa, matone matatu,
na mimi, mwanamke wa miaka sitini na moja,
napiga vigelegele vya kunong'ona
kama mtu aliyepata mjukuu.

Leo Kabula ameweka dagaa mzima juu ya jiwe.
*Lindila.*
Subira akatetemeka kuanzia puani hadi mkiani.
Mate yakachora uzi.
Kunguru kwenye bati akasogea hatua moja.
Tukahesabu: moja, mbili, tatu, n–
Dagaa hayupo.
Lakini tatu! Jana ilikuwa sifuri.

Jioni Mabula akapiga simu kutoka Geita.
"Mama, unamfokea nani?"
"Sifoki. Namwambia mbwa akae."
"Kwa Kisukuma?"
Kimya kikapita, kirefu, cha kula salio lake.
"Na 'njoo'," akauliza, "inasemwaje?"

Nikasema polepole, aishike vizuri:
"*Nzugu.*"

Na chini ya meza kitu kikagonga kiti,
makucha yakateleza sakafuni,
akatokea, chaki yangu ya fundi mdomoni,
amekuja.