Picha Mbili

Aliniita Jumanne, akasema miwani inamtapisha.
Nikapanda Shanti Tauni na mkoba wangu,
bisibisi, pamba, spiriti, waya wa akiba,
nikamkuta Kapteni Anande Makundi sebuleni,
usukani wa plastiki umefungwa mezani kwa kamba ya katani,
ndoo ya bluu chini, karibu na mguu.

"Nikiruka, nikageuka kushoto kuutazama mlima,
dunia inakawia. Kichwa kimeshafika, mlima bado."

Dunia inakawia.
Sijapata mteja aliyeeleza tatizo vizuri namna hiyo.

Nikapima. Picha thelathini na nane kwa sekunde.
Miwani inataka themanini. Chini ya hapo
jicho na sikio la ndani hugombana,
na tumbo ndilo hulipa faini.

Nikaanza na umeme, maana Moshi yetu
ikifika saa moja jioni umeme hunywea.
Stebilaiza ikalia kama kifaranga, ikatulia. Siyo yenyewe.
Nikafuta vioo: mvuke wa pumzi, alama ya wanja.
Nikabadili waya. Nikafungua kompyuta,
nikatoa kwenye feni vumbi la kuoteshea mchicha.
Nikasasisha zile programu ndogo tunazoziita madereva,
ambazo hazina leseni wala hazifungi mkanda.
Arobaini na moja.

Ikabidi tuanze kuipunguza dunia.
"Mawingu?" Toa.
"Vivuli?" Toa, kivuli hakijawahi kunisaidia kutua.
"Miti?"
Akasita. Toa.
Migomba ya Kibosho ikang'oka yote kwa kubofya mara moja,
miwa ya tambarare ikawa zulia,
Rau ikabaki maboksi.
"Theluji?" Ya kwenye ramani hii ni ya zamani, akasema,
nyingi kuliko iliyopo. Hiyo iache.
Arobaini na tisa. Ndoo haijaondoka.

Basi nikauliza ninachokiulizaga mwisho,
nikitaka kurekebisha umbali wa mboni na mboni:
"Kapteni, ukungu uko kioo kipi, cha kulia au cha kushoto?"

Akanyamaza. Nje mtu alikuwa anaburuta geti.
Akavua miwani, akailaza mapajani, vioo juu.
"Cha kushoto sijui," akasema.
"Kushoto mimi sijui kitu, tangu Mei ya mwaka juzi."

Mtaa mzima tunajua alistaafu kwa hiari.
Kanisani walimpa saa ya ukutani na blanketi.

Sikusema pole. Mkono wangu ulikuwa kwenye kipanya.
Nikamweleza kazi ya miwani: huichora dunia mara mbili,
kila jicho na picha yake, tofauti kidogo tu,
kama ndugu wawili wakisimulia msiba mmoja,
na akili ikizikutanisha ndipo umbali unazaliwa.
Maana yake nusu ya jasho la mashine hii,
usiku kwa usiku, inachora mlima, uwanja,
taa za njia ya kurukia,
kwa mtu ambaye hayupo.

"Kwa hiyo zima."

Ndani ya faili la mipangilio kuna mstari mmoja.
Nikaandika sifuri.

Themanini na saba.

"Rudisha miti." Tayari ameshavaa.
Nikarudisha. Themanini na mbili.
"Na vivuli."
Sabini na nne, nikamwonya.
"Vivuli basi. Mawingu kidogo, upande wa Marangu."

Akaondoka uwanja wa Moshi, pua inaelekea Taveta,
akageuza kichwa kushoto, akapita
pale ambapo mtu wa macho mawili angeishia,
kidevu kikagusa bega ili lile la kulia lifike,
na mlima ukawa umetangulia, umekaa.

Hakusema kitu mpaka alipotua.

Nilimtoza elfu ishirini na tano.
Akataka risiti, mtu wa ndege hapotezi karatasi.
Nikaandika tarehe, jina, kiasi,
na pale palipoandikwa Tatizo
nikaandika: waya.