Mizani ya Kibaigwa

Miaka kumi na tisa nasimamia mizani ya soko la Kibaigwa.
Gunia likipanda tu, kabla mshale haujatulia,
najua kama ni lumbesa
au kama mtu kachota kibaba njiani.
Ila mwaka juzi, mahindi mapya yakimiminika,
sikujua mwili wangu umebeba kilo ngapi za uchovu.

Nililala na kuku.
Nikiamka, nimechoka kwa kulala.
Matika akigeuka kitandani nilisikia anavyonionea huruma,
na huruma ya mke, ndugu yangu,
ni baridi kuliko Julai ya Kongwa.

Dodoma mjini walipima damu asubuhi mbili tofauti.
Testosteroni imeshuka, wakasema.
Si uvivu. Si kurogwa.
Sindano kila wiki ya tatu, takoni,
dawa ndani ya mafuta mazito kama alizeti ya kukamua,
inaingia polepole, inauma siku mbili.

Mwezi wa pili nikanyanyua gunia
ambalo hakuna aliyeniomba ninyanyue.
Makuli wakapiga mluzi: Chilongani karudi!
Mwezi wa tatu nilimchekesha Matika usiku
hadi jirani akagonga ukuta.
Nayaandika haya kwa kuwa ni kweli.
Wanaume wa kwetu hujisifu ya ujana,
ya hamsini na mbili wanayameza.

Mwezi wa saba, Daktari Nhonya,
binti mdogo mwenye kalamu tatu mfukoni,
akanigeuzia karatasi.
Chembe nyekundu zimezidi, mzee. Damu imekuwa nzito.
Presha nayo imepanda.
Moyo ulizoea kusukuma maji, sasa unasukuma uji.
Nikauliza kwa sauti ya sokoni: basi nife lini?
Hakucheka.
Alisema neno ambalo sikulitarajia kwenye koti jeupe:
Sijui.
Wapo waliofuatiliwa miaka, mshtuko wa moyo haukuongezeka.
Wapo ambao mapigo yalikwenda mrama,
ambao damu iliganda ikapanda mapafuni.
Sijui wewe utakuwa upande gani. Ndiyo maana tunapima.
Kisha, kalamu juu ya karatasi:
Baba yako alikufa na nini?

Baba yangu alianguka zizini alfajiri.
Ndoo ya maziwa haikumwagika, aliitua kwanza.
Alikuwa na arobaini na nane, mimi kumi na nne.
Jioni ile jina la shangazi lilitajwa,
likatajwa tena msibani, likatajwa na mimi pia,
kwa sauti ambayo ndiyo kwanza ilikuwa inakuwa nzito.
Shangazi Mbeleje alifunga kitenge kimoja na sufuria
akaenda Manyoni. Hakurudi.

Daktari alikuwa anangoja.
Moyo, nikasema. Labda moyo.
Akaandika neno moja.
Miaka thelathini na minane, na lilitosha kwenye kisanduku kidogo
pembeni ya kabila na uzito.

Wamenitoa damu nusu lita, wamepunguza dawa.
Sikutaka lumbesa, nataka gunia la haki,
lakini nani anajua haki ya kifua ni kilo ngapi?
Usiku Matika analaza sikio hapa, anahesabu,
anapitiwa na usingizi kabla ya hamsini.
Nguvu zimepungua kidogo. Kicheko kipo.

Juma lililopita nilikwenda Manyoni.
Nilimkuta anapepeta uwele, mgongo umepinda, macho makali.
Hakusimama. Akauliza nimeleta nini.
Nilikuwa nimeleta sukari, na ile karatasi ya hospitali,
ambayo hawezi kuisoma.
Nikamsomea.
Aliendelea kupepeta hadi nikamaliza,
kisha akasema, upepo umegeuka,
hamia upande ule, makapi yatakuingia machoni.