Kutu Haina Mshono

Yadi ya Kiloleni, saa nne, jua limeshakomaa.
Muuzaji anapangusa boneti kwa kanga kuukuu,
anasifu rangi, anasifu viti, anasifu redio.
Milembe kachuchumaa, kichwa kiko uvunguni mwa gari.

"Ekseli hii imewahi kuchomelewa."
"Mama, hiyo kutu tu."
"Kutu haina mshono."

Anasimama, anajikung'uta magoti.
Mapipa ishirini ya asali, kaka,
kutoka Ipole mpaka stesheni, njia imelowa;
na sahani ya tela ikae juu ya ekseli,
si kuning'inia kwenye bampa kama mkia wa mbuzi.

"Itavuta! Dizeli hii inang'oa mninga na mizizi yake."

Kuvuta, hata ng'ombe wa Luhende wanavuta.
Anachouliza ni kingine:
pale mteremko unapoanza,
mzigo wa nyuma ukitaka kutangulia,
nani atauambia subiri?

Muuzaji anazitazama funguo mkononi.

Shemejiye Kapela alivuta vizuri.
Alivuta vizuri mpaka darajani.

Milembe anavua viatu,
anapanda, anakanyaga breki,
anasikiliza kwa unyayo.